Kabla ya kununua stebilaiza ya nyumba nzima, kagua nyutro

"Nyumba yetu imeunganishwa umeme wa fezi tatu. Katika muda wa miezi 4 tumepoteza televisheni, ubao wa kielektroniki wa friji mpya na chaja mbili, ingawa vyote vilichomekwa kwenye ekstensheni zilizoandikwa kwamba zina kinga. Breka haikuanguka hata mara moja. Jioni umeme huwa mdogo, na friji ya zamani iliyoko stoo hunguruma kwa sekunde chache, hutoa mlio kama wa swichi, kisha hunyamaza. Tumegundua pia kwamba tukiwasha jiko la umeme, taa za sebuleni hung'aa kupita kawaida huku za vyumbani zikififia. Muuzaji ananishauri ninunue stebilaiza moja kubwa ya nyumba nzima. Je, itatosha? Na je, nizime kila kitu umeme unapokatika?"

Ndugu msomaji, pole kwa hasara uliyoipata. Unataka kujua kwa nini breka na ekstensheni hazikuviokoa vyombo vyako, kama stebilaiza moja kubwa itamaliza tatizo, na kama inafaa kuzima vyombo umeme unapokatika. Nitayajibu yote, lakini naomba nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwa kuwa ndilo lililonishtua: kwamba mkiwasha jiko, taa za sebuleni huongeza mwanga. Chombo kikubwa kikiwashwa, taa zinaweza kufifia kidogo, na hilo ni la kawaida. Taa zinapoongeza mwanga kwa sababu chombo kingine kimewashwa, dalili hiyo huelekeza kwenye waya wa nyutro uliolegea, ulioliwa na kutu au unaokaribia kukatika. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa leo hii, kabla hujaingia dukani kutafuta kifaa chochote.

Katika mfumo wa fezi tatu unaotumika katika nchi nyingi, kati ya kila fezi na nyutro kuna volti 230, na kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 400. Vyombo vya kawaida vya nyumbani hufungwa kati ya fezi na nyutro. Nyutro ni njia ya pamoja ya kurudia, na ndiyo inayoshikilia kila fezi kwenye volti zake 230 hata pale ambapo matumizi ya fezi hizo hayalingani. Ikikatika, mkondo hukosa pa kurudia isipokuwa kupitia vyombo vya fezi nyingine, na hapo vyombo viwili vilivyokuwa kila kimoja na njia yake hujikuta vimefungwa mfululizo, vikigawana volti 400. Katika mgawanyo huo, chombo chenye matumizi madogo ndicho kinachobebeshwa volti nyingi. Chukua chombo cha wati 100 kwenye fezi moja na jiko la wati 2000 kwenye fezi nyingine: kwa hesabu rahisi inayovichukulia vyote viwili kama hita, kile kidogo kitapata karibu volti 380, na jiko litabaki na takriban 20. Televisheni ikiwa mahali pa kile chombo kidogo, haiwezi kupona.

Nyutro iliyolegea bila kukatika kabisa hufanya jambo hilo hilo kwa kiwango kidogo na kwa vipindi, kulingana na kile kilichowashwa wakati huo. Ndiyo maana fundi anaweza kuja asubuhi, nyumba ikiwa haina mzigo, akapima, akaona 230 safi katika kila fezi, akaondoka akisema hakuna tatizo. Mwombe apime huku jiko likiwa limewashwa, na apime fezi zote tatu, moja baada ya nyingine. Fezi yenye jiko ikishuka huku nyingine zikipanda, amepata anachokitafuta. Baada ya hapo atafuata nyutro hiyo kutoka kwenye boksi la breka hadi kwenye mita. Sehemu iliyo upande wa pili wa mita ni ya kampuni inayosambaza umeme, na lakiri zake hazifunguliwi na mtu mwingine, hivyo hitilafu ikiwa huko, wao ndio wa kuitwa. Usisubiri. Kiungo kilicholegea hupata moto, na kikiendelea hivyo huweza kuwasha nyumba; tena katika nyumba ambazo waya wa ethi, yaani waya wa usalama unaoelekea ardhini, umeunganishwa na nyutro kabla ya kuingia ndani, nyutro ikikatika, miili ya chuma ya vyombo inaweza kushika umeme na kumpiga anayeigusa.

Kuhusu breka, karibu kila mwenye nyumba niliyewahi kuzungumza naye huamini kwamba ni mlinzi wa vyombo. Breka hulinda nyaya zisiungue na nyumba isishike moto, na inachokitazama ni ampea. Volti haizipimi kabisa. Breka ya ampea 16 ya aina ya B huanguka papo hapo mkondo unapofika kati ya mara 3 na mara 5 ya kiwango chake, na mkondo ukizidi kwa kiasi kidogo tu, huchukua dakika nyingi kabla ya kuanguka. Televisheni inayoungua kwa volti 380 inaweza isivute hata ampea 2 hadi dakika ya mwisho. Kwa upande wa breka, hakuna lililoharibika. Kile kifaa kingine kinachokata umeme mtu anapopigwa shoti nacho hupima tofauti kati ya mkondo unaotoka na unaorudi. Huokoa maisha na kila nyumba inapaswa kuwa nacho, lakini volti zikipanda hakina la kufanya.

Ekstensheni zako zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao kwa nia njema. Matatizo ya volti ni ya namna tatu, na kila moja lina dawa yake. Kuna umeme mdogo, ambapo volti hushuka na kubaki chini kwa dakika au saa. Kuna umeme uliozidi, ambapo volti hupanda na kubaki juu kwa sekunde, dakika au zaidi, kama inavyotokea nyutro inapolegea. Na kuna mpigo, ambao ni mruko wa mamia au maelfu ya volti unaopita katika muda unaohesabiwa kwa mikrosekunde, yaani sehemu za milioni za sekunde. Huo hutokana na radi iliyopiga hata mbali na nyumba, na kuwashwa na kuzimwa kwa mitambo ya gridi, au na mota zinazozimwa ndani ya nyumba yenyewe.

Kinga iliyo ndani ya ekstensheni nyingi ni varista, kidonge kilichotengenezwa hasa kwa oksidi ya zinki. Volti zikiwa za kawaida, varista hukaa kama ukuta. Zikiruka juu ya kiwango chake, hufunguka ndani ya muda mfupi mno na kuuelekeza mpigo pembeni, kisha hujifunga tena. Kwa mpigo, ni kifaa kizuri sana. Kwa umeme uliozidi na kubaki juu, hakifai, na kinaweza kuwa hatari. Varista inayotumika kwenye umeme wa volti 230 mara nyingi huwa imepangiwa kuvumilia volti 275 mfululizo. Ukiiachia volti 330 au 380 kwa nusu dakika, itaendelea kupitisha mkondo, itapata moto, itapasuka au kuyeyusha ganda lake, na nguvu yake ikiisha, televisheni iliyo nyuma yake hubaki peke yake. Zilizotengenezwa vizuri huwa na fyuzi ya joto inayoikata varista kabla haijawaka. Jambo lingine lisiloelezwa dukani ni kwamba varista huchakaa: kila mpigo mkubwa huipunguzia uwezo, hadi siku moja ekstensheni hubaki ikipitisha umeme kama kawaida bila kinga yoyote ndani yake. Ikiwa ina taa ndogo ya kuonyesha kwamba kinga inafanya kazi na taa hiyo imezimika, ibadilishe, hata kama vyombo vyote bado vinawaka.

Sasa friji ya stoo, inayonguruma na kunyamaza. Hiyo inaugua umeme mdogo. Nguvu ya mzunguko ya mota ya kompresa hushuka kwa mraba wa volti, maana yake volti zikishuka hadi asilimia 70, yaani 161 badala ya 230, nguvu hiyo hubaki asilimia 49 tu. Mota hushindwa kuanza kuzunguka. Mota iliyopewa umeme huku imesimama huvuta mkondo mkubwa kuliko inapozunguka. Kwa volti kamili, unaweza kuwa mara 5 hadi 7 ya kawaida, na hata kwa volti zilizopungua unaweza kuwa mara 4. Joto la nyaya za mota huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo mara 4 huzalisha joto mara 16. Ule mlio kama wa swichi unaousikia ni kinga ya joto ya kompresa ikikata umeme ili mota isiungue. Dakika chache baadaye hupoa, hurudisha umeme, na mota hujaribu tena na kushindwa tena. Kinga hiyo haikutengenezwa kufanya kazi hiyo kila jioni. Ukisikia mlio huo, chomoa friji mpaka umeme utakapotengemaa. Chakula kitahimili saa kadhaa bila friji kuliko kompresa itakavyohimili kukwama huko.

Tofauti na kompresa, televisheni za kisasa, kompyuta za mkononi na chaja za simu hazisumbuliwi sana na umeme mdogo. Tazama maandishi yaliyo nyuma ya chaja: nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, na zikipata 160 huvuta mkondo zaidi kidogo na kuendelea na kazi. Adui wao ni umeme uliozidi na mpigo. Friji yako mpya huenda ni ya inveta, yaani kompresa yake inaendeshwa na ubao wa kielektroniki unaobadilisha mwendo wa mota; friji hizo kwa kawaida hustahimili umeme mdogo kuliko za zamani, lakini ubao wenyewe huathirika na volti zilizozidi kama televisheni inavyoathirika. Vitu ulivyopoteza, yaani televisheni, ubao wa friji na chaja, vyote ni vya kundi hili. Kompresa ya zamani bado iko hai. Mpangilio huo wa vifo unanifanya nishuku umeme uliozidi kuliko kitu kingine chochote, na unakubaliana kabisa na taa zako za sebuleni.

Kwa hiyo je, ununue stebilaiza ya nyumba nzima? Kwa hali uliyonieleza, jibu langu ni hapana, angalau si sasa. Ndani ya stebilaiza mna transfoma yenye hatua mbalimbali, na kifaa kinachochagua hatua ya kupandisha au kushusha volti: za relei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, huruka kutoka hatua moja hadi nyingine, na za sevo husogeza brashi ya kaboni kwa mota ndogo, hivyo hutoa volti zilizo sawa zaidi lakini hufika polepole. Hapo pana hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Umeme ukiwa volti 170, stebilaiza hupandisha mara 1.35 ili itoe 230. Umeme ukiruka ghafla hadi 240 kabla brashi haijarudi, kwa kitambo kifupi stebilaiza itatoa takriban volti 324. Nzuri huwa na swichi ya kukata umeme katika hali hiyo. Za bei ya chini mara nyingi hazina. Tena stebilaiza haiumbi umeme. Ili kumpa mtumiaji wati 2000 kutoka kwenye volti 170, huvuta karibu ampea 12 badala ya karibu ampea 9, na mkondo huo wa ziada hupita kwenye nyaya na viungo vile vile. Kiungo cha nyutro kilicholegea kitapata moto zaidi kwa sababu ya kifaa ulichokinunua kuleta usalama. Na kwa kuwa nyumba yako ina fezi tatu, "moja kubwa" kwa kweli ingepaswa kuwa tatu, au moja maalumu ya fezi tatu.

Stebilaiza ina mahali pake. Nyutro ikisharekebishwa, na bado jioni volti zikabaki chini ya 190 kwa saa nyingi, stebilaiza ndogo ya friji peke yake ni fedha iliyotumika vyema. Usiichague kwa wati za friji inapokuwa imeshawaka. Friji ya wati 150 huweza kuhitaji karibu mara 6 ya hapo kwa nukta ya kuanza, na kwa hiyo stebilaiza ya VA 500 (VA ni volti mara ampea, kipimo cha uwezo wa stebilaiza) itaelemewa kila kompresa inapoamka. Anzia VA 1000, na kwa kiyoyozi mwombe fundi akupigie hesabu.

Kifaa ninachokipendelea zaidi kwa nyumba nyingi ni kinga ya volti ya kuchomeka, ile ambayo watu huiita kinga ya friji. Hairekebishi volti. Huzitazama tu, na zikitoka nje ya mipaka iliyowekwa, kwa mfano chini ya 185 au juu ya 260, huukata umeme. Zikirudi, husubiri dakika 3 hadi 5 ndipo iruhusu. Kusubiri huko kuna sababu ya kimaumbile: kompresa ikizimika, gesi iliyoshindiliwa upande mmoja huhitaji dakika chache kusawazika na upande wa pili, na mota ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo hukwama kama inavyokwama kwa umeme mdogo.

Kuna pia toleo lake linalofungwa ndani ya boksi la breka, yaani relei ya volti, na kwa nyumba ya fezi tatu kama yako hilo ndilo ningelipendekeza kwa moyo wote, relei moja kwa kila fezi au ya fezi tatu pamoja na kontakta, yaani swichi kubwa inayoamrishwa na relei hiyo. Siku nyutro itakapokatika tena, hata ikiwa nje barabarani, relei itakata umeme katika sehemu ndogo ya sekunde, na vyombo vyote vitakuwa salama pamoja na vile ulivyovisahau kwenye soketi. Haiwezi kuushika mpigo, kwa sababu mpigo huwa umeshapita kabla relei haijajongea. Kwa mpigo, mwambie fundi afunge kwenye boksi hilo hilo kinga ya mpigo ya aina ya 2, na asimamie mambo mawili: waya wa ethi uwe mzima na umepimwa, na nyaya zinazoiunganisha kinga hiyo ziwe fupi, jumla yake isizidi nusu mita. Waya mrefu huzuia mkondo unaopanda kwa kasi, na kinga nzuri iliyofungwa kwa waya wa mita 2 hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Kinga hiyo ikiwepo, ekstensheni zenye varista zinaweza kubaki karibu na televisheni na kompyuta kama walinzi wa ndani. Kwa kompyuta ya mezani, ongeza UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda mfupi ukikatika, ili kazi isipotee.

Kuzima vyombo umeme unapokatika ni mazoea mazuri. Umeme unaporudi, friji na pampu za mtaa mzima huanza kwa pamoja, volti huyumba chini na juu, na mipigo ya mitambo ya gridi hupita katika dakika hizo hizo. Chomoa friji, televisheni na kompyuta, acha taa moja ikiwa imewashwa ili ikujulishe, na umeme ukirudi subiri kama dakika 5. Radi inapokaribia, kuchomoa ndiyo kinga pekee ninayoiamini kikamilifu, kwa kuwa hakuna kifaa cha nyumbani kinachoahidi kuhimili radi inayopiga moja kwa moja. Chomoa pia waya wa antena na wa intaneti, kwani mpigo huingia kwa njia yoyote ya shaba inayotoka nje. Fanya hivyo mapema. Ngurumo zikishakuwa juu ya paa, usiguse plagi wala nyaya.

Fundi anapokuja, mpe maelezo yote uliyonipa mimi, na umwongezee kama majirani nao huona taa zao zikiongeza mwanga, kwa sababu hilo litaonyesha kwamba hitilafu iko nje ya nyumba yako. Kabla hajafika, msiwashe jiko, na chomoeni kila chombo cha kielektroniki. Mkisikia harufu ya plastiki inayoungua, mkiona soketi au boksi la breka lina joto, au mtu akihisi umeme anapogusa bomba au mwili wa friji, zimeni swichi kuu na mpige simu kwa kampuni ya umeme papo hapo, hata ikiwa ni usiku.

Matengenezo yakikamilika, nunua kipima volti kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, na kwa wiki moja andika volti za kila fezi asubuhi, mchana na jioni, jiko likiwa limewashwa na likiwa limezimwa. Mahali ambapo umeme ni wa volti 230, nchi nyingi hukubali asilimia 10 juu na chini, yaani kati ya 207 na 253. Zikibaki humo, hutahitaji stebilaiza yoyote. Zikishuka chini ya hapo kila jioni, peleka maandishi hayo kwa kampuni ya umeme, kwani orodha yenye tarehe na saa ni ngumu kuipuuza kuliko malalamiko ya mdomo. Ule ubao mpya wa friji, ambao bila shaka fundi wa friji ameshakutajia bei yake, usiufunge mpaka nyutro iwe imekazwa na kupimwa jiko likiwa linawaka.